UZI: Programu za kubebwa mkononi – tujenge hazina zetu hapa Lubumbashi

#1 Fundi_Kamalondo

Wandugu, salamu kwenu wote. Vijana wa Lubumbashi wanaoandika programu hawakwamishwi na akili wala bidii. Wanakwamishwa na dhana iliyomo ndani ya karibu kila zana ya siku hizi: kwamba intaneti ipo saa zote, haina kikomo, na umeme hauzimiki. Anzisha mradi mdogo wa JavaScript uone. Amri moja inavuta mamia ya vifurushi vya msimbo kutoka mbali, na mega ulizonunua asubuhi zinaisha hujaandika hata mstari wa kwanza. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya.

Ninachotetea ni kwamba tuzilete karibu hazina, yaani maghala ya programu na vifurushi vyake. Tuzibebe kwa diski na flashi, mtaa hadi mtaa, na tusione aibu kufanya hivyo. Wengine wanadhani kubeba programu mfukoni ni dalili ya kubaki nyuma. Historia inasema kinyume. Richard Stallman alitangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, na mwaka 1985 alikuwa akiuza Emacs, programu ya kuandikia msimbo, kwenye mikanda ya sumaku, dola 150 kwa mkanda. Hiyo ndiyo pesa aliyoishi nayo baada ya kuacha kazi katika chuo cha MIT. Linux ya Linus Torvalds, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, ilitokea mwaka 1991, na kwa watu wengi ilifika kwenye diski za flopi. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, walituma CD za bure kwa posta dunia nzima hadi mwaka 2011.

Kwa hiyo kijana anayetoka Katuba kwenda Ruashi na diski mfukoni anapita njia ile ile iliyopitwa na programu huria tangu zianze, na leseni zake zinamruhusu waziwazi. Kinachokosekana hapa mjini ni mpangilio: nani ana nini, nani anasasisha, na mtu ahakikishe vipi kwamba alichopewa ni salama. Karibuni tujadiliane.

#2 Mwanafunzi_Katuba

Jambo yaya Fundi. Mimi niko mwaka wa pili, nasoma informatiki. Kabla ya hazina, nina swali la mashine. Sokoni wauzaji wanasema laptopu zote za zamani zimekufa kwa sababu Windows 10 imeisha, eti ninunue mpya tu. Mpya siiwezi. Ni kweli zimekufa? Na nikienda kuchagua niangalie nini?

#3 Fundi_Kamalondo

Mdogo wangu, hazijafa. Kilichoisha tarehe 14 Oktoba 2025 ni msaada wa kawaida wa Windows 10. Mashine yenyewe haikuguswa. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Matokeo yake ofisi za Ulaya zinaondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba ambazo hazina kasoro yoyote, na nyingine zinatufikia sisi. Kerneli ya Linux, yaani kiini chake, haina habari na orodha hiyo. HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T460 na T470, Dell Latitude za miaka hiyo, zote zinabeba Debian 13, aina ya Linux ya bure, vizuri. Weka SSD badala ya diski ya kuzunguka, weka RAM ya gigabaiti 8, na ukiweza 16. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, anza na SSD. Utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Tahadhari moja: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha prosesa za biti 32. Vile vilaptopu vidogo vya zamani vya biti 32 waachie wenyewe.

Kwa mji wetu napendelea ThinkPad za kuanzia T440 hadi T480, na sababu ni umeme. Zina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa kwa chini. Ukiwa na betri ya akiba iliyojaa, unachomoa ile iliyoisha na kuchomeka nyingine huku mashine inaendelea kufanya kazi. Hakuna faili linalofungwa. Ila soma jina hadi mwisho: T460s, T470s na T480s, zile zenye herufi s, ni nyembamba, hazina betri ya kuchomoa, na sehemu ya RAM yake imelehemiwa kwenye ubao. X1 Carbon ndiyo kabisa, RAM yote imelehemiwa. Ni nzuri kwa macho, lakini ukinunua ya gigabaiti 4 utakufa nayo ya gigabaiti 4.

Sokoni nenda na flashi yenye Debian ya kuwashia moja kwa moja bila kusakinisha. Muuzaji akikataa usiwashe kwa flashi yako, muage na uende kwa mwingine. Ikiwaka, fungua programu ya Disks usome hali ya diski: saa ilizofanya kazi, na hasa idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani vipande vya diski vilivyoharibika. Idadi hiyo ikiwa juu ya sifuri kwenye diski ya kuzunguka, hesabu kwamba utanunua diski nyingine. Kisha betri:

`cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full`
`cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full_design`

Namba ya kwanza ni uwezo wake wa leo, ya pili ni uwezo iliotoka nao kiwandani. Gawanya, utajua kilichobaki. Halafu ingia kwenye BIOS, ile programu ya mashine inayoamka kabla ya mfumo. Ikiomba nywila ambayo muuzaji haijui, iache hapo hapo hata iwe rahisi namna gani. Kwenye ThinkPad nywila ya msimamizi haifutiki kwa kutoa ile betri ndogo ya ubao, na mashine yenye nywila ya mtu mwingine inaweza kuwa ya wizi.

#4 Mhasibu_BelAir

Mukubwa Fundi, nakuheshimu, lakini acha nilete upande wa wanaolipa. Mimi nafanya hesabu za maduka. Wateja wangu wanatumia Excel na programu za hesabu za Windows, na nchi yetu iko OHADA, umoja wa nchi za Afrika wa sheria za biashara, tangu 2012, kwa hiyo ripoti lazima zifuate SYSCOHADA, kanuni zake za hesabu. Nikiwaambia wahamie Linux wataniuliza kama ripoti zitatoka. Isitoshe, Windows ya kuvunjwa inapatikana kila kona. Kwa nini mwenye duka ajisumbue?

#5 Fundi_Kamalondo

Ndugu Mhasibu, swali lako ni la haki. Kwanza, anayehitaji Windows kwa programu fulani abaki nayo kwa programu hiyo. Anaweza hata kuiendesha ndani ya Linux kama mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta. Simlazimishi mtu imani. Lakini Windows iliyovunjwa ni mlango uliofunguliwa na mtu usiyemjua. Aliyeivunja aliingiza mkono ndani ya mfumo, na duka linaweka humo majina ya wadeni wake na mauzo yake yote.

Pili, na hapa ndipo naona utajiri wenyewe. Angalia duka la hapa mjini linavyouza. Mteja analipa kwa dola, anarudishiwa chenji kwa franka, kiwango cha kubadilisha kinaandikwa asubuhi ubaoni na kinaweza kubadilika mchana. Noti ya dola yenye mpasuko mdogo inakataliwa. Jioni mwenye duka anataka kujua ana nini kwa kila sarafu, katika droo ile ile. Niambie ni programu gani iliyoandikwa California inayojua mambo haya! Zinazouzwa zimefungwa, huwezi kuongeza hata kitufe. Lakini Odoo, programu ya kuendesha biashara, toleo lake la jamii, ina chati ya hesabu ya SYSCOHADA tayari, na msimbo wake uko wazi. Dolibarr, programu nyingine ya aina hiyo, nayo iko wazi. Kijana wa hapa anaweza kuifungua, akaongeza droo ya sarafu mbili, akaiuza kama huduma kwa maduka yote ya barabara ya sokoni. Hiyo ni kazi ya kulisha familia, na wewe unayejua hesabu ndiye unayehitajika kukaa pembeni yake.

#6 Mhasibu_BelAir

Hilo la chenji umenishika. Kila jioni napatanisha droo hizo kwa kalamu. Mtu akianza kazi hiyo, nitamwandikia jinsi duka linavyofunga siku, hatua kwa hatua, bila malipo.

#7 Mama_Tawi

Nimesoma mpaka hapa na nafurahi. Mimi naandika programu pamoja na wenzangu walioko Likasi, na nataka kuongeza habari ya Git, zana ya kutunza historia ya msimbo, kwa sababu naona vijana wengi wanadhani Git na tovuti ya GitHub ni kitu kimoja. Wanasema "leo hakuna intaneti, siwezi kufanya commit", yaani kuhifadhi hatua ya kazi. Watoto wangu, mnaweza!

Torvalds aliandika Git mwaka 2005, baada ya kundi la Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, zana waliyoitegemea. Aliijenga ili kila mwenye nakala awe na historia yote, kutoka mwanzo hadi leo. Mashine yako si tawi la seva ya mtu. Unaweza kutazama mabadiliko ya mwaka juzi, kufungua tawi jipya, kuunganisha, yote ukiwa gizani kwa betri. Intaneti inahitajika tu wakati wa kubadilishana, na hata hapo si lazima.

Sisi tunabadilishana hivi. Napakia mradi mzima ndani ya faili moja:

`git bundle create kazi.bundle --all`

Faili hilo naliweka kwenye flashi, nampa ndugu anayesafiri kwenda Likasi. Mwenzangu akilipokea anaandika `git clone kazi.bundle` na ana kila kitu. Baadaye sitaki kutuma mradi wote tena. Tukikubaliana alama ya mahali tulipofika, tuseme tagi inayoitwa tulipofika, natuma nyongeza tu:

`git bundle create mpya.bundle tulipofika..main`

Yeye anaikagua kwanza kwa `git bundle verify mpya.bundle`, kisha anavuta kwa `git pull mpya.bundle main`. Nyongeza ya juma zima mara nyingi ni ndogo kuliko picha moja ya simu, kwa hiyo hata WhatsApp inaibeba bila kuumiza mega. Tumefanya kazi namna hii kwa muda mrefu na hatujapoteza mstari.

Kwa lugha ya Python kuna njia kama hiyo, kwa pip, zana yake ya vifurushi. Mahali penye intaneti:

`pip download -d vifurushi -r requirements.txt`

Nyumbani:

`pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt`

Hakikisheni tu kwamba toleo la Python na aina ya mashine ni zile zile pande zote mbili, la sivyo vifurushi vingine vitakataa.

#8 Mlinzi_Ruashi

Mama Tawi na yaya Fundi, nyote mmesema vizuri, lakini mimi nasafisha mashine za watu na najua flashi za mji huu. Flashi inaingia cyber ikiwa safi, inatoka faili zote zimegeuzwa njia za mkato na kirusi kimejificha. Sasa mnataka diski moja izunguke mitaa yote. Nani atajua kama aliyeibeba hakuchezea vifurushi njiani? Mtu mmoja mwenye nia mbaya anatosha kutuambukiza wote kwa mara moja.

#9 Fundi_Kamalondo

Mlinzi, hili ndilo swali la msingi wa uzi wote, nitalijibu polepole.

Kirusi cha njia za mkato ni cha Windows, kwenye Linux hakifanyi kazi. Hilo ni dogo. Kubwa ni la vifurushi vyenyewe, na Debian walilitatua zamani. Hazina ya Debian ina faili linaloitwa Release, lenye saini ya kidijitali ya mradi. Ndani ya Release kuna alama za SHA256, yaani namba inayotambulisha faili kama alama ya kidole, za orodha za vifurushi. Ndani ya kila orodha kuna alama ya SHA256 ya kila kifurushi. Ufunguo wa kuhakiki saini uko tayari kwenye mashine yako tangu uliposakinisha. Kwa hiyo apt, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi, haimuulizi aliyeleta kifurushi ni nani. Inahesabu alama, inalinganisha, inahakiki saini. Mtu akibadilisha baiti moja njiani, alama hazilingani na apt inakataa. Ndiyo sababu hazina nyingi za Debian zilihudumia watu kwa http ya kawaida, isiyofichwa njiani, miaka mingi. Imani haiko kwa mbebaji, iwe ni waya, setelaiti au kijana mwenye baiskeli.

Hatua inayohitaji macho yako ni ya kwanza kabisa, ile ISO, faili la diski ya kusakinishia. Linganisha SHA512 yake na orodha iliyotiwa saini na Debian. Ukifanya hivyo kwa uangalifu, mnyororo wote unashika. Pip ya Python na npm ya JavaScript ni dhaifu zaidi hapo. Kwa npm usifute package-lock.json, maana alama za vifurushi zimo humo. Kwa pip tumia --require-hashes.

Lakini sitaki kukupa picha ya uongo kwamba saini inamaliza kila kitu. Mwezi Machi 2024 Andres Freund, mtu wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta kutoka mbali, kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kiasi cha nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi tungepita. Yeye akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, maktaba ya kubana data iliyomo karibu kila Linux. Uliwekwa na mtu aliyetumia jina la Jia Tan, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alisaidia mradi kwa upole mpaka akapewa funguo. Mtunzaji wa asili, Lasse Collin, alikuwa karibu peke yake, amechoka, na watu wanamsukuma kwenye barua pepe atoe matoleo haraka. Mlango huo ulifika Debian ya majaribio, haukufika Debian imara. Saini zote zilikuwa sahihi. Kilichotuokoa ni mtu mmoja aliyekuwa na msimbo mbele yake na subira ya kuusoma.

Mimi kisa hicho kinanigusa kwa upande wa Collin zaidi. Dunia nzima ilikuwa imelala juu ya mgongo wa mtu mmoja, na barua alizopata zilikuwa za kudai.

#10 Mlinzi_Ruashi

Nimeelewa mnyororo wa saini. Basi kwenye hiyo diski tuweke Debian imara pekee, si ya majaribio. Na hazina ya masasisho ya usalama isiachwe kuzeeka.

#11 Fundi_Kamalondo

Sahihi kabisa. Tena Release ya hazina ya usalama ina tarehe ya mwisho wa uhalali, siku chache tu mbele. Diski ikikaa bila kusasishwa, apt yenyewe italalamika. Lazima mtu mmoja kila juma avute nyongeza, na hizo hazina uzito mkubwa.

#12 Mzee_Lehemu

Wanangu, mimi ni fundi wa redio, kompyuta zilinikuta kazini. Nisikieni kwa habari ya seva.

Msinunue seva. Tafuteni laptopu iliyovunjika kioo. Watu wanaitupa au wanaiuza kwa bei ya vipuri, na ndani kila kitu ni kizima. Kwa mji wa umeme wa kukatika hiyo ni bora kuliko kompyuta kubwa ya mezani, kwa sababu ina betri yake ndani. Umeme ukienda, haishtuki. Inakula wati chache, hata paneli ndogo ya jua yenye betri inaibeba. Ondoa skrini yote kama imepasuka. Kisha kwenye faili la /etc/systemd/logind.conf weka `HandleLidSwitch=ignore` ili isilale ikifungwa. Na kwa kuwa itakaa kwenye chaja mchana na usiku, isiachwe ijae mia kwa mia. Kwenye ThinkPad:

`echo 80 | sudo tee /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold`

Betri itaishi muda mrefu zaidi. Chaja ipite kwenye stabilaiza, kwa maana umeme wetu unaua zaidi unaporudi kuliko unapokwenda. Nimebadilisha kapasita na fyuzi nyingi zilizokufa dakika ile ile watu wanaposhangilia taa zimewaka.

Na vumbi. Kiangazi chetu, kuanzia Mei, vumbi jekundu linaingia kila tundu. Feni inaziba, prosesa inapunguza mwendo wake ili isiungue, na mwenye mashine anasema Linux ni nzito. Ifungue kila mwaka mvua inapokaribia, isafishe kwa brashi laini, badilisha grisi ya prosesa.

Neno langu la mwisho ni la betri. Sony walianza kuuza betri za lithiamu-ioni mwaka 1991, mwaka ule ule wa hiyo Linux yenu. Zilitengenezwa kwa kobalti, na leo nchi yetu inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, sehemu kubwa upande wa Kolwezi. Watu wanaingia ardhini kwa ajili yake. Kwa hiyo mimi sikubali kuona betri inatupwa jalalani kwa sababu seli moja kati ya sita imechoka. Lakini msizilehemu ninyi wenyewe kama hamjafundishwa. Moto wa chuma cha kulehemu ukikaa juu ya seli unaweza kuiwasha, na moto wa lithiamu hauzimiki kirahisi. Njooni mjifunze kwanza.

#13 Mwanafunzi_Katuba

Asante sana mzee. Nina laptopu ya namna hiyo nyumbani, ya kaka yangu, ilianguka kioo kikapasuka. Nitamuomba.

Swali dogo nje ya njia: mashine nyingi za sokoni zina kibodi ya QWERTY, na sisi tumezoea AZERTY tangu shule. Kwa kuandika programu ipi bora?

#14 Mama_Tawi

Mwanangu, kwa programu QWERTY inapumzisha mkono. Kwenye AZERTY ya Ufaransa namba zinataka Shift, na mabano ya mraba na ya mkunjo yanataka AltGr: { iko kwenye 4, [ kwenye 5, na alama ya mkwaju wa nyuma kwenye 8. Siku nzima ya kuandika C utaisikia kwenye kidole gumba. AZERTY ya Ubelgiji nayo imepanga kivingine, { iko kwenye 9, kwa hiyo mashine iliyotoka Brussels na iliyotoka Paris hazifanani ingawa herufi za juu zinafanana. Mimi ninayo QWERTY kwa kazi, na kwa barua za Kifaransa nabadilisha mpangilio kwa kitufe kimoja.

Na jambo ambalo vijana wengi hawalijui: Linux ina mpangilio wa kibodi wa nchi yetu. Katika orodha utafute Kifaransa cha Kongo, alama yake ni cd. Uchague humo. Unapata herufi na toni za Lingala na Kiluba bila kunakili kutoka popote. Kampuni kubwa haikuona faida ndani yake. Mtu aliyejali aliuandika, akautuma, ukapokelewa, na sasa umo katika kila Debian duniani. Kiswahili cha Kongo nacho kina alama yake, sw-CD, kwenye hifadhi ya CLDR ambayo simu na kompyuta zinachotamo majina ya siku na miezi. Kama kuna neno humo ambalo sisi hatulisemi hivyo, marekebisho yanapokelewa.

#15 Mlinzi_Ruashi

Nina swali la pesa. Mwenye laptopu ya seva atatumia umeme, diski na mega zake. Anaweza kulipisha wanaokuja kunakili? Au ni haramu kwa sababu programu ni za bure?

#16 Fundi_Kamalondo

Anaweza, na ni halali. Rejea Stallman na mikanda yake ya dola 150. GPL, leseni ya programu huria nyingi, inakuruhusu kuuza nakala kwa bei yoyote. Haikuruhusu kumnyima uliyemuuzia haki zile zile ulizopata wewe: kutumia, kusoma, kubadilisha, kunakilia wengine. Ukimpa programu iliyokwisha kujengwa, lazima apate na msimbo wake, pamoja nayo au kwa ahadi ya maandishi. Kwa hiyo tunapovuta hazina ya Debian tuvute na vifurushi vya msimbo, tusichague vya kuendesha pekee. Debian 13 ina vifurushi zaidi ya 69,000, na kwa aina moja ya mashine pamoja na msimbo unaingia mamia ya gigabaiti. Diski ya terabaiti moja inabeba. Mimi napendekeza malipo madogo ya kunakili, yaandikwe ukutani, na yaende kwenye mega za kusasisha.

Kwa mahali penye intaneti kidogo, kama darasa, hazina nzima haihitajiki. Wekeni apt-cacher-ng, ghala dogo la vifurushi vilivyokwisha kuvutwa, kwenye ile laptopu ya kaka yako, mdogo wangu. Mwanafunzi wa kwanza akivuta kifurushi, kinabaki hapo. Wa pili hadi wa mwisho wanakipata kwa mtandao wa ndani bila kugusa mega. Kila mashine inaongezewa mstari mmoja kwenye faili ndani ya /etc/apt/apt.conf.d:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Namba hiyo badilisha iwe ya seva yako. Na kwa mashine isiyo na mtandao kabisa kuna apt-offline: inaandika orodha ya inachohitaji kwenye faili, unalibeba hadi penye intaneti, unavuta, unarudi nacho.

Nataka pia tuweke Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila mtandao, na Wikipedia ya Kifaransa pamoja na majibu ya Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandishi wa programu, vyote vinapatikana kama mafaili ya ZIM. Mwanafunzi anayekwama saa nne usiku hana pa kuuliza. Kumpa majibu hayo ndani ya chumba chake, bila mtandao, ni msaada mkubwa kuliko mafunzo mengi ya siku mbili ninayoyaona hotelini.

Na tukumbuke left-pad, Machi 2016. Mtu aliondoa kifurushi cha mistari 11 kwenye npm, na miradi mikubwa sehemu nyingi za dunia ikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa. Wale waliokuwa na nakala zao ndani waliendelea na kazi. Kuweka nakala karibu kunamfaa hata mwenye intaneti ya kasi.

Basi mpango: Jumamosi saa nne asubuhi, karakana yangu ya Kamalondo, anayejua anajua, asiyejua aniandikie faraghani. Njoo na diski tupu iliyofomatiwa kwa ext4, mpangilio wa faili wa Linux. Mlinzi, nakuomba usimame mlangoni pa kunakili na ufundishe kila mtu kuhakiki ISO kabla hajaondoka.

#17 Mlinzi_Ruashi

Nitasimama. Asiyehakiki hatoki na diski.

#18 Mzee_Lehemu

Nitaleta chuma cha kulehemu na grisi. Wenye feni zinazopiga kelele waje nazo, lakini wasizifungue njiani.

#19 Mwanafunzi_Katuba

Kaka amekubali kuitoa laptopu. Ni T450, kioo kimepasuka, betri ya ndani imebaki asilimia 61 kwa ile hesabu ya yaya Fundi. Diski ni ya kuzunguka, sekta zilizohamishwa ni 8. Nije nayo hivyo hivyo au nitafute diski kwanza?

#20 Fundi_Kamalondo

Njoo nayo hivyo hivyo. Usiweke kitu chako cha thamani kwenye diski hiyo. Ninayo SSD ya gigabaiti 240 iliyokaa bure, tutaiweka kwa apt-cacher-ng ya darasa lenu, na hazina kubwa itakaa kwenye diski ya nje.

#21 Mama_Tawi

Mimi nitakuja na diski mbili, ya pili ni ya Likasi. Ndugu yetu dereva anaondoka Jumatatu alfajiri, kwa hiyo wenye bundle za kutuma kule waziweke kwenye folda yenye jina la mradi wao kabla ya Jumapili jioni.